Sikio Mdomoni mwa Nikolao

Severina alipata udiwani kwa njia ambayo mtu hamtakii hata mbaya wake. Mwezi wa Juni mwaka 2020 mume wake Nikolao, aliyekuwa diwani wa kata yao kwa vipindi viwili, alianguka kwenye baraza ya ghala la chama cha msingi cha ushirika akiwa katikati ya kusema. Alikuwa akiwaeleza wakulima salfa ya mikorosho imekwama wapi na itafika lini, na kama kawaida yake alikwisha kuwachekesha mara mbili kabla hajaligusa jambo lenyewe. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakakatika. Waliomdaka walisema baadaye kwamba walidhani ni kichekesho cha tatu.

Hospitali wakasema ni kiharusi. Wiki nyingi za kukandwa na kufanyishwa mazoezi zilimrudishia mguu kiasi cha kuuburuta. Mkono haukurudi. Akili ilibaki nzima, macho yalisema hivyo kwa yeyote aliyekuwa na moyo wa kuyatazama, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa pumzi tu.

Na mtu mwenyewe mali yake yote ilikuwa ulimi. Nikolao alikuwa Mmakua wa Lukuledi, kule bondeni Masasi, aliyepanda uwanda wa juu wa Newala, kwa Wamakonde, akiwa kijana karani wa kununua korosho. Chimakonde alijifunza kwa mwaka mmoja, akakisema mpaka wenyewe wakawa wanamuuliza maana ya maneno ya wazee wao. Severina alimwona mara ya kwanza msibani. Kule juu, ambako maji ni ya kuvuna kwenye bati na kuyafungia kisimani, au ya kupanda nayo kichwani kutoka bondeni, mwanamke haendi kwenye msiba mikono mitupu. Anakwenda na ndoo ya maji, anaimimina kwenye pipa la wafiwa, ndipo anakaa mkekani kulia na wenzake. Nikolao, mgeni wa watu, alimuuliza msichana aliyekuwa amelowa mabegani kwa nini anawaletea maji watu wanaolia. Severina akamjibu kuwa kulia kunakausha. Nikolao alimwoa mwaka ule ule, akahamia kijijini Mkahala kwa mama mkwe, kama ilivyo desturi ya kule, mwanamume kumfuata mke kwao.

Ugeni huo ndio uliokuwa silaha ya wapinzani wake kila uchaguzi. Mchagueni, walisema, siku akifa dada zake watakuja kumbeba kama mzigo wao, nanyi mtabaki mnatazama vumbi la gari. Na ni kweli, kwa mila za upande wa mama maiti ya mwanamume ni ya dada zake. Nikolao aliwajibu kwa namna moja tu, miaka yote kumi. Aliwachukua watu hadi nyuma ya kisima chake, kwenye mikorosho miwili ya mama mkwe, akakanyaga chini na kusema: kaburi langu liko hapa, nikizikwa pengine mjue nimewadanganya mengine yote. Na jingine aliloahidi kila mara ni tenki la maji la Mkahala. Watu walicheka, wakampigia kura, wakaendelea kusubiri tenki.

Alipoanguka, zilikuwa zimebaki wiki chache fomu za kugombea zichukuliwe. Wakubwa wa chama wakaja nyumbani na soda na biskuti, wakakaa, wakasema kata isipotee, mama achukue nafasi ya baba. Severina alikataa. Alikuwa na darasa la saba, shamba la mihogo, binti mmoja Anjelina anayesomea uuguzi, na mume wa kulishwa kwa kijiko. Wakakataa kukataliwa. Mmoja wao akasema basi aulizwe mzee mwenyewe, na wote wakageukia kiti alichokalishwa Nikolao, amevalishwa koti lake la kaki la vikao.

Severina akainama, akaweka sikio mdomoni mwa mume wake. Alisikia pumzi yenye joto, na harufu ya uji. Akakaa hivyo kwa muda, watu wakingoja, naye moyoni akijua kwamba wakitoka pale wameambulia patupu, kesho hakuna atakayepita tena kumjulia hali. Mwanasiasa asiye na cha kugawa husahaulika upesi, na hilo alikwisha kuliona kwa wengine.

Akainuka akasema, "Baba Anjelina anasema nichukue."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Akashinda kwa kura ambazo hata Nikolao hakuwahi kuzipata.

Sasa sitaki mtu anifikirie namtetea, lakini uongo ule ulifanya kazi nzuri kwa miaka mitatu. Kila Jumatano na Jumamosi alasiri watu walikuja barazani kwake. Nikolao alikuwa tayari, amenyolewa, koti limefungwa vifungo vyote. Mtu alieleza shida yake akimtazama mzee, kwa heshima ya zamani. Severina akainama, akasikiliza pumzi, akainuka: Baba Anjelina anasema. Alisema mashimo ya vyoo vya shule yachimbwe kwa zamu ya mitaa, yakachimbwa. Dada wawili wa tumbo moja waliotaka kutoana macho kwa ajili ya mikorosho saba ya mama yao alisema wavune pamoja na kugawana magunia, na kwamba mkubwa amwombe radhi mdogo kwa lile neno alilomwambia unyagoni. Wakapatana. Wanaume ambao wasingekaa chini kusikiliza mwanamke wa darasa la saba walikaa, wakavua kofia, wakaitikia ndiyo mzee.

Nikolao naye alifurahi. Jicho lake liling'aa siku hizo mbili, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulishika pindo la khanga ya mke wake kila alipoinama. Pengine mengi yale ndiyo angeyasema. Miaka ishirini na tano ya kulala na mtu si haba, unajua atakachosema kabla hajafungua kinywa. Severina alijiambia hivyo, na polepole akaacha kuona kwamba anadanganya.

Halafu tenki likaja. Mwaka 2023 bomba kubwa lilifika kwenye kata, na ikatangazwa kwamba litajengwa tenki moja na vituo vyake vya kuchotea, kwa kijiji kimoja kwanza. Kamati ya maendeleo ya kata ichague kipi. Mwenyekiti wa kamati ni diwani.

Mkahala hawakuona cha kuchagua. Ahadi ilikuwa yao. Lakini Severina alikwisha kwenda Nakachela, kijiji cha ukingoni kabisa, mahali uwanda unapokatika. Mkahala nyumba nyingi ni za bati, na nyumba ya bati ina kisima. Maji ya masika yakilindwa vizuri yanafika hadi Septemba. Nakachela ni nyasi, na nyasi hazivuni maji. Siku moja alitoka na wanawake wa kule saa kumi na mbili asubuhi, ndoo mkononi, wakashuka bondeni. Wakati wa kupanda alimwaga nusu ya ndoo, wenzake wakamcheka kwa upole wakamwita Mheshimiwa. Aliyetembea mbele yake akimwonyesha pa kukanyaga, hasa penye jiwe jekundu linaloteleza, alikuwa msichana wa miaka ishirini, Upendo, mimba ya kwanza, miezi minane. Wiki mbili baadaye Upendo aliteleza pale pale penye jiwe jekundu. Walimpandisha kwa kitanda, watu wanane wakipokezana, na walipofika juu hakukuwa na mama wala mtoto.

Severina alikwenda msibani na ndoo. Ndoo ile aliiona nzito kuliko zote alizowahi kubeba.

Kikao cha kamati kilikaliwa nyumbani kwake, kwa sababu ya mzee. Asubuhi yake alipomlisha Nikolao uji alikusudia kumwambia. Alianza mara mbili. Mara ya kwanza akamfuta kidevu, mara ya pili akasema mvua mwaka huu imewahi kukatika. Alijua jibu lake na hakutaka kuliona machoni. Tenki la Mkahala lilikuwa neno la mtu yule kwa miaka kumi, lile na kaburi.

Wajumbe wakagawanyika nusu kwa nusu. Petro, mwenyekiti wa kijiji cha Mkahala, mtu mzuri asiyependa kelele, alisimama akamgeukia Nikolao moja kwa moja. Alisema hawana haja ya kubishana, mwenye ahadi yupo hai, aseme yeye.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Angeweza kusimama akasema mimi ndiye diwani, mimi ndiye niliyepanda na ndoo kutoka kule bondeni, mimi nasema Nakachela. Lakini aliwatazama wale watu wa nyumbani kwao, wajomba na binamu zake, nje wamejaa hadi kisimani, akaogopa. Akafanya alivyozoea. Akainama, akaweka sikio. Mkono wa Nikolao ukashika pindo la khanga.

"Baba Anjelina anasema Nakachela kwanza. Anasema Mkahala tuna visima, tuwavumilie wenzetu."

Nikolao alitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, akatikisa kichwa, na machozi yakamtoka jicho zima na jicho bovu pamoja. Mkono wake ukaachia khanga. Petro alimtazama, akamtazama Severina, akavaa kofia yake. Severina akapiga kura ya kuvunja sare, na tenki likaenda Nakachela.

Tangu siku hiyo Nikolao hakumruhusu tena mke wake aweke sikio mdomoni mwake. Kila mke alipoinama, yeye alikigeuza kichwa ukutani. Lakini hata asingekigeuza, hakukuwa na wa kusikiliza, kwa sababu Mkahala hawakuja tena. Jumatano ya kwanza baraza ilikuwa tupu, na Jumamosi pia. Vijana kwenye ghala walisema mzee amewauza, miaka kumi amekula kura zao akaenda kuwapa watu wa ukingoni. Nikolao hakujua hilo, au alilijua kwa namna yake. Alidai kunyolewa, kwa kugonga shavu na kidole. Alidai koti. Akakaa kwenye kiti anatazama njia tangu saa tisa hadi kuku wanaingia bandani, wiki kwa wiki, miezi kumi. Severina alikaa ndani akimenya ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, asiyokuwa na hamu nayo, kwa kuwa hakuweza kukaa nje kuangalia mume wake anavyongoja. Mara nyingi alitaka kumwomba msamaha. Aliona kumwomba mtu asiyeweza kujibu ni kumwonea mara ya pili.

Nikolao alifariki Alhamisi asubuhi, masika yakiwa yamekolea, kisima kimejaa hadi juu. Severina alikuwa anamgeuza upande. Aliona pumzi imebadilika, akainama akaweka sikio, na safari hii hakuyaficha anayoyataka: alitaka neno moja tu, la kwake, hata la laana. Akasikia pumzi. Kisha hakusikia kitu.

Wanawake wa Mkahala walikuja na ndoo zao. Hilo hawakumnyima, maji ya msiba hayanyimwi mtu. Mmoja mmoja walimimina kwenye pipa, wakamshika mkono, wakaondoka. Hakuna aliyekaa mkekani. Kufika jioni mapipa matatu yalijaa na mkeka ulikuwa na watu wawili, Severina na binti yake Anjelina, aliyetoka Masasi kazini na sare yake ya uuguzi mwilini.

Ijumaa asubuhi ikafika gari kutoka Lukuledi. Regina, dada mkubwa wa marehemu, alishuka, akalia alivyopaswa kulia, kisha akazunguka nyuma ya kisima kwenye ile mikorosho miwili. Majembe hayakuwapo. Ardhi ilikuwa haijaguswa. Alirudi akakaa karibu na Severina, na hakuwa mkali, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Wifi," alisema, "sikuja kugombana. Alitaka kulala hapa, najua. Lakini kama hapa hakuna wa kumchimbia, kwetu wapo. Tukifika saa saba bila kaburi, nampakia."

Anjelina alikwenda kwa Petro. Alirudi akasema vijana wamekaa barazani pa ghala na hawatachimba, wanasema waitwe waliopewa tenki. Wa Nakachela walikwisha kutuma habari kwamba wako tayari kuja. Severina akakataa. Nikolao hakuapa kuzikwa na Nakachela.

Mfiwa hauachi mkeka. Severina aliuacha. Alitoka pekupeku, khanga kichwani, akapita katikati ya kijiji, na milango ikafunguliwa, na wanawake wakaanza kumfuata kwa mbali bila kuulizana. Alikwenda hadi barazani pa ghala, akasimama palepale mume wake alipoangukia. Vijana wakasimama kwa sababu hawakujua la kufanya.

"Nikolao hakusema kitu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akaanza upya. "Tangu alipoanguka hapa hakuniambia hata neno moja. Nilikuwa nainama nasikia pumzi, nainuka nasema langu. La tenki nililisema mimi. Sijutii Nakachela, mkiniuliza leo nitawapa tena. Najuta nilimbebesha yeye. Aliwaahidi na hakuvunja ahadi. Kama kuna wa kunyimwa kaburi Mkahala, basi ni mimi, na zamu yangu haijafika."

Petro alikuwa amekaa nyuma kwenye magunia. Aliinuka, akaingia ghalani, akatoka na jembe begani. Akashika njia ya kwenda kisimani, na vijana wakafuatana naye wakitazama chini.

Severina akabaki na wanawake. Alidhani sasa watamtukana, na alikuwa tayari. Aliyesogea alikuwa Bibi Mwanakombo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyemfunda kwenye unyago na kumpokelea Anjelina alipozaliwa. Alimshika kiwiko.

"Mama Anjelina, hao ni watoto, wao waliamini. Sisi tulijua. Mtu aliyepoteza ulimi ananong'ona nini? Tulijua tangu kesi ya wale dada wawili. Lile neno la unyagoni Nikolao, mwanamume, angelitoa wapi?"

Severina akamtazama bila kuelewa. Akauliza kwa nini basi walinyamaza.

"Ulikuwa unasema vizuri. Na yeye alikuwa anapata heshima yake. Ungetuambia la tenki ni lako, tungekununia mwezi mzima, miezi miwili, kisha tungerudi. Wewe ni wetu, tungekwenda wapi? Lakini ulimsemea mbele ya macho yake, tukamwona analia. Nani angekuja tena kumtazama usoni?"

"Nilidhani mmemchukia."

"Tuliona haya, mwanangu. Haya tu."

Severina aliketi chini kwenye saruji ya ghala. Aliona kiti, koti la kaki limefungwa vifungo vyote, na njia tupu miezi kumi. Nikolao alikuwa amekufa akiamini watu wake wamemtupa, na watu wake walikuwa ndani ya nyumba zao wakiona haya kumwendea. Yeye Severina angefungua kinywa mara moja tu, Jumatano yoyote, wangerudi wote. Alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na wanawake wakakaa chini wakamzunguka, wakalia naye, kwenye saruji badala ya mkekani.

Kaburi lilikuwa tayari kabla ya saa saba. Regina alimwaga konzi ya kwanza ya udongo, akamwaga na ya pili, ya Lukuledi, aliyoileta ndani ya leso. Katekista aliongoza sala, na Waislamu wa kijiji walisimama nyuma ya mikorosho mpaka mwisho. Maji ya kukandia udongo wa kaburi yalichotwa kisimani kwa Nikolao mwenyewe.

Wiki ya saba baada ya mazishi Severina alikwenda Newala mjini kwenye baraza la madiwani, amevaa nguo nyeusi. Alikuwa na ombi moja, tenki la pili, la Mkahala. Mwenyekiti alipomwita alisimama, akafungua karatasi, na shingo ikainama yenyewe upande wa kushoto, usawa wa mtu aliyeketi kwenye kiti. Akakaa hivyo kidogo. Wenzake walidhani amepatwa na kizunguzungu, mmoja akasogeza glasi ya maji.

Akainua kichwa.

"Mimi Severina nasema," akaanza, akalitaja tenki la Mkahala.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeuliza mumewe angesema nini. Walishika kalamu, wakamsikiliza, wakaandika. Ilikuwa rahisi kiasi hicho, kama ambavyo ingekuwa siku ile ya kikao cha tenki, na kwa sababu ilikuwa rahisi alishindwa kuendelea, ikabidi akae kwanza.